Maneno ya Pipa la Kumi na Saba

4 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Natanguliza salamu kwako na kwa Mkazamjomba, pamoja na dua kwamba goti lako limekubali kukunjika tena wakati wa kusujudu. Mimi sijambo. Mwezi uliopita mafua mazito yalinilaza siku tisa, lakini yamekwisha. Tafadhali usimwambie Mkazamjomba, maana ataniandikia orodha ya majani ya kuchemsha, na huku niliko hata jani la kufunikia chungu halipatikani. Chumba changu ni kilekile cha ghorofa ya tatu, dirisha likitazamana na ukuta wa bohari. Picha ya marehemu mama bado iko juu ya kabati, ila wiki hii nimeigeuza itazame ukutani.

Utajua sasa kwa nini nimeigeuza. Ulinilea tangu mama alipofariki. Ulinifundisha kusoma kwa kunishika kidole juu ya mstari, ukanipa jina la Kipua kwa sababu niliweza kukuambia, macho nimeyafumba, ngozi ipi ya mbuzi imeiva na ipi itaozea ndani ya jalada. Miaka sita iliyopita nilikuandikia kwamba kampuni ya manukato imeniajiri kwa ajili ya pua hiyo. Ilikuwa kweli kwa miezi minne. Kampuni ile ikafungwa, nami nikachukuliwa na watu wengine, na hao hawauzi manukato. Wananunua wiski ya Kiskoti, pipa mojamoja, kutoka kwa viwanda vinavyoipika kwa kimea cha shayiri, kisha wanaitia chupani kwa jina lao wenyewe, bila kuchanganya pipa na pipa wala kuongeza rangi. Kazi yangu ni kunusa na kuonja kila pipa, niseme kama limefika au bado.

Nimekuficha miaka sita. Naandika leo kwa sababu mkubwa wa kampuni ameamua kwamba kuanzia mwaka huu lebo ya kila chupa itabeba maneno ya mwonjaji pamoja na jina lake. Dunia ni ndogo, na habari ina miguu mirefu. Afadhali uisikie kwangu.

Siombi ruhusa, maana ruhusa ya jambo hili najua huna ya kunipa. Naomba radhi yako.

Mpwa wako,
Kipua


9 Februari

Binti ya dada yangu,

Amani iwe juu yako. Barua yako ilikaa njiani siku ishirini na moja, ikakaa tena siku kumi chini ya jiriwa yangu ya kubania vitabu, kwa kuwa niliisoma mara moja tu na mkono ukakataa kuifungua mara ya pili. Goti halijambo wakati wa kusujudu. Wakati wa kuinuka ndipo linapokumbuka umri wake. Mkazamjomba wako aliniona nimeishika barua, akauliza, "Mtoto hajambo?" Nikamwambia hajambo. Akasema, "Mbona basi umekunja uso kama ngozi iliyoanikwa vibaya?" Nikairudisha barua chini ya jiriwa. Naye, kama umjuavyo, hakuuliza tena, ila chai ya jioni ile ilikuja bila sukari.

Huku kuna habari njema, nami ningependa ningekuandikia siku nyepesi kuliko hii. Kamati ya msikiti imenikabidhi msahafu mkuu, ule ulionakiliwa kwa mkono na wazee waliojenga msikiti wenyewe. Uzi umeoza, mafungu ya kurasa yameachana, jalada limebaki kama mlango usio na bawaba. Nimeomba muda hadi mwisho wa mwaka. Katika miaka arobaini na mitatu ya kujalidi sijawahi kushikishwa amana kama hii, na sitarajii nyingine baada yake. Nitaushona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta. Unakumbuka kwamba mgongoni mwa vitabu vya kawaida mimi hubandika karatasi kuukuu yoyote, hata ukurasa wa gazeti. Hakuna aisomaye tena, lakini bila hiyo kitabu hakisimami. Mgongoni mwa msahafu natia karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu.

Sasa lile lako. Radhi si peremende, mwanangu, kwamba mtoto akilia hutiwa mkononi. Tulifundishwa kwamba lawama ya kileo haimwishii anywaye. Humfikia aliyekikamua, aliyekibeba na aliyekimimina. Aliyekinusa akakisifu sijaona pa kumweka nje ya safu hiyo. Na uwongo wa miaka sita unanichoma kuliko kileo, kwa maana kileo wamekipika wengine, uwongo umeupika wewe.

Nakuuliza mambo mawili, unijibu kwa ukweli. La kwanza, je, unakinywa? La pili, hayo maneno ya kwenye lebo, ni maneno gani?

Mjomba wako


15 Machi

Mjomba wangu,

Salamu nyingi, na pongezi kwa amana ya msahafu. Nilipoisoma habari ile nilicheka peke yangu chumbani kwa furaha, kisha nikakumbuka mengine yaliyokuwa kwenye barua. Mwambie Mkazamjomba sukari aitie. Kosa ni langu.

Umeuliza kama nakunywa. Kazini natema. Chumba chetu cha kuonjea kina meza nyeupe na dirisha moja, na hakuna anayeruhusiwa kuingia amejipaka manukato wala amekula kitunguu. Wiski hutiwa katika bilauri ndogo yenye tumbo na mdomo mwembamba, ili harufu isitawanyike. Unanusa mara tatu, midomo imeachana kidogo. Unadondosha matone machache ya maji, unanusa tena. Kisha unaweka mdomoni kiasi cha kijiko, unahesabu hadi kumi, unatema ndooni. Sitakuapia kwamba katika miaka sita hakuna tone lililopita, kwa kuwa koo si bomba la kufunga. Lakini sijawahi kulewa, na nyumbani kwangu hakuna chupa.

Kazi hii nilijifunza kwako, hata kama hutaki kusikia. Pipa lililowahi kukaa mvinyo lina harufu yake, na lililochomwa ndani kwa moto lina yake, kama vile ngozi ya dume na ya jike hazinuki sawa. Tunaye fundi wa mapipa tunayemwita Mzee Nyundo, mtu mwenye masikio mazito na moyo mwepesi. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kila mwaka pipa hupungua, kwa kuwa kilichomo hupenya mbao kikapotea hewani, na watu wa kazi hii hukiita kilichopotea fungu la malaika. Pipa la kumi na saba, lililotiwa chupani mwezi uliopita, lilikaa miaka kumi na tisa. Lilipofunguliwa lilitoa chupa mia mbili na kumi na mbili tu.

Kuhusu maneno ya lebo, ni maneno ya kawaida ya kazi. Hayana uzito wa kukusumbua.

Nasubiri radhi yako.

Kipua


20 Mei

Kwa binti ya dada yangu,

Salamu. Sote tu wazima. Mkazamjomba anakusalimu, amekwisha kuyajua yote, kwa sababu mji mzima umekwisha kuyajua.

Kwanza nimalize la malaika. Malaika hawana fungu katika kileo. Mwambie huyo fundi wa mapipa kwamba kilichopotea kimepotea, na asiwasingizie wasioweza kuja barazani kujitetea.

La pili ni hili. Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya adhuhuri, katibu wa kamati alikuja karakanani akiwa na mwanawe mkubwa, yule mfanyabiashara anayesafiri nchi za nje. Jirani yangu fundi viatu alikuwa amekaa kwenye kizingiti akinisimulia mambo ya mkwewe. Katibu akamtazama, akasema, "Fundi, tupishe kidogo." Fundi viatu akasema, "Mimi si mtu, ni fenicha ya hapa." Lakini alipouona uso wa katibu aliinuka.

"Maalim," katibu akaniambia, "samahani, hili si la kusemea mlangoni." Mwanawe akatoa simu, akanionyesha picha ya chupa aliyoikuta katika duka la uwanja wa ndege. Akanitafsiria lebo neno kwa neno, nami nikaandika, na hapa nakurudishia:

"Nta ya nyuki mlangoni. Kisha ngozi ya mbuzi, gundi inayochemka, karafuu. Nyuma yake karatasi ya zamani iliyonyeshewa, na mwisho kabisa mkaa uliozimika. Ni karakana ya mjomba wangu, mjalidi wa misahafu, siku ya mvua."

Chini yake jina lako kamili.

Katibu akasema, "Maalim, msahafu wa wazee wetu unashonwa katika chumba ambacho walevi wanakisoma kwenye chupa?" Kisha akaniuliza swali moja kuhusu wewe. Nikawajibu nilivyowajibu, wakaenda zao. Msahafu bado uko mezani kwangu.

Hayo ndiyo maneno uliyoniambia hayana uzito. Waswahili hawakukosea: la kuvunda halina ubani. Nilikasirika kiasi cha kuikata ngozi nzima vibaya. Lakini hasira ilipopoa, na haikupoa upesi, nilikaa nikaisoma lebo ile kama fundi, na nikaona jambo ambalo katibu hawezi kuliona.

Mlangoni, mkono wa kulia, ndiko ninakoweka nta. Hatua moja mbele zimening'inia ngozi. Hatua ya pili ni sufuria ya gundi, na juu yake kopo la karafuu ninazotia ili wadudu wasile vitabu. Kisha kabati la karatasi, chini ya pale paa lilipokuwa likivuja. Na pembeni kabisa ndipo ulipokuwa mkeka wako, karibu na jiko la mkaa la kuotea moto. Paa lile liliezekwa upya. Jiko lile nililitoa miaka kumi na mmoja iliyopita. Hakuna kinywaji duniani kinachopanga harufu zake kwa kufuata rafu zangu.

Hukuwa unanusa, mwanangu. Ulikuwa unatembea.

Tangu lini hunusi?

Mjomba wako


18 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari ya chumba wala ya dirisha.

Tangu Desemba. Mafua yaliondoka, na harufu zikaondoka nayo. Nilidhani ni kwa wiki moja, kisha nikadhani ni kwa mwezi. Nimenusa kitunguu kilichokatwa, sabuni, mafuta ya taa, soksi zangu mwenyewe. Hakuna. Daktari wa pua alisema huenda ikarudi na huenda isirudi, akayasema yote mawili kwa sauti ileile. Barua ya Januari niliiandika siku ya pili baada ya kutoka kwake. Niliona kwamba mtu aliyenyang'anywa kitu hana budi kuomba radhi kwa aliyemfundisha kukitumia. Lakini sikuthubutu kukwambia nimenyang'anywa nini, kwa sababu pua hii ulikuwa ukiisifu wewe, na jina langu ni hilo.

Pipa la kumi na saba lililetwa mezani katikati ya Januari. Tulikuwa watatu: mimi, Mzee Nyundo, na mkubwa wetu tunayemwita Bwana Saa, kwa kuwa hawezi kuongea bila kutazama mkono. Bwana Saa akasema, "Haya, dada, tuambie. Mchapaji anasubiri." Nikainua bilauri. Ilikuwa kama kunusa kioo cha dirisha. Nikaweka mdomoni, ulimi ukaungua, basi. Nikafumba macho nikatafuta chochote cha kusema, na kilichofunguka ni mlango wako. Nikaingia. Nikasema nilichokuwa nikikiona.

Bwana Saa akasahau saa yake, akasema, "Hii itauza." Mzee Nyundo aliinusa yake tena na tena, akaniinamia: "Mama, mimi napata tufaha tu na asali kidogo. Lakini mimi ni nyundo, wewe ndiye pua." Ningeweza kumwambia pale pale. Sikumwambia.

Wanunuzi wakaanza kuandika. Hakuna ngozi humu, walisema, hakuna mkaa, kuna tufaha na asali, mwonjaji wenu alionja nini? Bwana Saa alitaka nijibu kwamba kila pua ina yake. Barua yako ikafika siku hiyohiyo. Nikaenda ofisini kwake nikamwambia kweli. Alitazama saa, akaniambia nimalize wiki.

Bohari ilikuwa imebakiza chupa sitini na moja. Niliomba nizivue lebo kabla sijaondoka, na Mzee Nyundo akanisaidia. Tulizilaza katika beseni la maji ya vuguvugu siku mbili, tukazibandua ulivyonifundisha, kwa kuanzia pembeni bila kuvuta, mpaka karatasi iachie yenyewe. Lebo sitini zimechomwa. Moja naiweka ndani ya barua hii, kwa sababu maneno ni yako, nami sijui pa kuyatupa. Zile chupa mia moja na hamsini na moja zilizokwisha kuuzwa siwezi kuzirudisha.

Mjomba, umeniandikia, "Nikawajibu nilivyowajibu." Katibu alikuuliza nini, nawe uliwajibu nini? Je, watakunyang'anya msahafu kwa ajili yangu?

Kipua


11 Julai

Mwanangu,

Lebo imefika. Mkazamjomba wako analia kwa ajili ya pua yako, kisha analia kwa sababu mimi silii.

Kazi ya msahafu inaendelea. Nimeshona mafungu saba, nimefumua matatu.

Ndani ya kifurushi hiki nimetia kipande cha ngozi ya mbuzi kilichopakwa gundi ya leo asubuhi, karafuu nimezidisha. Kinuse kila siku baada ya alfajiri kwa muda wa wiki mbili, uniandikie.

Mjomba wako


30 Agosti

Mjomba wangu,

Salamu kwenu nyote. Nimepata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Nakunja mashuka. Wenzangu wanalalamika joto na dawa ya kung'arishia nguo inavyowakereketa pua. Mimi wananiona jasiri.

Ngozi yako nimeinusa siku kumi na nne, kisha nikaongeza kumi nyingine bila kukwambia. Sikupata kitu. Siku ya mwisho niliipitishia kidole nikiwa nimefumba macho, kama zamani, nikakuta alama ya dole gumba lako imekauka ndani ya gundi. Hujawahi kuacha alama katika kazi, Mjomba. Nami niliwahi kupigwa kofi la mkononi kwa kuacha moja ndogo kuliko hiyo.

Umeniandikia umeshona mafungu saba na kufumua matatu. Wewe hufumui.

Barua yako haikujibu nililouliza. Niliyekuficha miaka sita sina haki ya kukuharakisha. Nitasubiri.

Picha ya mama nimeigeuza, inatazama chumba.

Kipua


6 Oktoba

Mwanangu, Kipua,

Amani iwe juu yako, na juu ya mikono yako inayokunja mashuka ya watu usiowajua. Mkazamjomba ameamka salama, goti limeamka vibaya, na fundi viatu ameozesha binti yake kwa mtu ambaye, kwa maneno yake, "hana soli." Nimezimaliza habari zote za nyumbani ili nisipate pa kujificha.

Swali la katibu lilikuwa hili: "Maalim, huyu ni mpwa wako au si mpwa wako?"

Nilikuwa nimekaa mezani, mkono wa kulia una sindano, wa kushoto umelala juu ya kurasa za msahafu. Nikamjibu, "Sina mpwa mwenye jina hilo." Katibu alijua kwamba si kweli, alikuona ukikua. Lakini alitaka jibu la kupeleka kwenye kamati, nami nilitaka kitabu, tukapeana. Akasema, "Nimeridhika, Maalim." Mwanawe akatazama chini. Mimi sikuuinua mkono wa kushoto hata walipokuwa wamekwisha kuondoka.

Nimefundisha watu maisha yangu yote kwamba uwongo una mizani yake. Wako uliuficha ndani ya bahasha ukiwa mbali, kwa kunionea haya. Wangu niliusema mchana kweupe, kiganja kikiwa juu ya maneno ya Mola, kwa kuipenda kazi. Kisha nikakuandikia barua ya lawama. Soma tena ile ya Mei, utaona jinsi mtu anavyoweza kuandika sentensi zilizonyooka huku amepinda.

Tangu siku ile uzi haukunikubali. Kila fungu nililoshona lilikwenda upande. Ulisema kweli, sifumui. Mwaka huu nimefumua. Dole gumba uliloligusa ni la mkono unaotetemeka.

Ijumaa iliyopita nilizifunga kurasa za msahafu kwa kitambaa cheupe, nikazibeba mwenyewe mpaka kwa kamati. Watu walikuwa bado hawajatawanyika. Nikamwambia katibu mbele yao, "Chukueni amana yenu. Yule wa kwenye chupa ni mwana wa dada yangu, nimemlea kwa mkono huu, na karakana aliyoitaja ni yangu. Siku uliponiuliza nilisema uwongo juu ya kitabu hiki. Hakistahili kushonwa nami."

Nilitazamia mtu aseme neno. Katibu alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, akasema, "Basi tutatafuta fundi mwingine." Ndivyo ilivyokuwa. Tangu hapo hakuna aliyeniletea msahafu wala juzuu. Naletewa madaftari ya shule na leja za maduka. Fundi viatu aliingia, akatazama meza tupu, akaniambia, "Maalim, karibu kwetu kwenye viatu, huku hatuulizwi ukoo." Nilicheka, kisha nikashindwa kuacha, ikageuka kuwa kitu kingine, naye akaufunga mlango kwa nje asinione.

Uliomba radhi tangu Januari. Kazi ile siiradhii, na hata nikiwa kaburini usidhani nimebadilisha. Wewe nakuradhia, radhi isiyo na deni wala sharti. Nami naomba yako, kwa kuwa wewe ulimficha mjomba, lakini mimi nilimkana mwana.

Ukitaka kurudi, rudi. Siwezi kukuahidi kwamba pua itakurudia, wala kwamba mji utakupokea kwa uso mwema. Wapo watakaovuka barabara wakikuona. Nina jiriwa mbili, na mkono mmoja usiotetemeka ungenifaa. Utakunja kurasa badala ya mashuka. Gundi nitainusa mimi, uzi utauvuta wewe.

La mwisho. Unalikumbuka daftari la vipimo vya gundi, uliloniandikia ulipokuwa na miaka kumi, herufi zake zikiegemeana kama watu waliochoka? Mgongo wake ulikuwa umekatika siku nyingi. Nimelishona upya, na mshono umenyooka, wa kwanza tangu Mei. Lebo yako niliiosha kwa maji mara tatu, nikaikata kwa kipimo, nikaibandika ndani ya mgongo huo, maandishi yakiwa kwa ndani. Hakuna atakayeisoma. Leo nimelisimamisha daftari juu ya meza, nikaondoa mkono taratibu, nalo limesimama.

Mjomba wako